Stoo ya chini ya ngazi

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya UE, ile mitihani ya chuo ya kufunga muhula, nyuma ya hosteli yetu palikuwa panaota kilima. Kilianza na makopo na henga zilizovunjika, kesho yake mabeseni, keshokutwa ndoo na magodoro. Mwisho wa wiki ndala, hendauti, zile karatasi za masomo, za mihula miwili na chandarua kilichotoboka vilikuwa vimelala pamoja juani. Usiku mtu anakitia moto. Moshi wa sponji ya godoro ni mzito, unanata kooni, na sisi wa vyumba vya upande ule tulikuwa tunafunga madirisha na kulala na joto la Dar es Salaam lote ndani.

Wanaotupa si kwamba hawakuwa na uchungu na vitu vyao. Mtu anayekwenda Kigoma au Bukoba alikuwa anafika stendi ya Ubungo, enzi hizo mabasi bado hayajahamia Mbezi, anakuta konda anataka hela ya kila mzigo. Godoro peke yake, ndoo peke yake. Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, limeshakata, nauli yenyewe umetumiwa na kaka. Unafanyaje? Unaacha. Halafu chuo kikifunguliwa, mwaka wa kwanza wanashuka na mabegi yao na kwenda Manzese kununua ndoo kama zile zile tulizozichoma. Jambo hili liliniuma sana, kwa sababu mimi mwenyewe nilipofika nilinunua godoro kwa hela ambayo mama yangu aliipata kwa kuuza mbuzi.

Julai 2019 nilikuwa namaliza mwaka wa pili. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni, baada ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, kutangaza bungeni mwezi Aprili, na ndani ya muda mfupi tulishuhudia kitu ambacho tungeapa hakiwezekani. Rambo zilitoweka sokoni. Muuza karanga wa getini alirudi kwenye koni za karatasi. Klabu yetu ya mazingira ilikuwa na watu 8, na wote 8 tulikuwa moto. Tukamwomba wadeni stoo ya chini ya ngazi, iliyokuwa imejaa vitanda vibovu, akatupa ufunguo. Tukabandika bango kila ghorofa: USITUPE, LETA STOO. Kila kitu, tuliandika. Chupa, ndoo, godoro, karatasi.

Vitu vilikuja kwa kasi ambayo hatukuitegemea. Siku ya pili jioni chupa za maji zilikuwa zimejaza viroba 5 vya salfeti, na magodoro yalikuwa yamepangwa mpaka darini.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta mama wa usafi amesimama mlangoni pa stoo. Sisi tulikuwa tunamwita Mama tu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Zile chupa mnazipeleka wapi?"

Nikamweleza kwa furaha kwamba tutaziuza, hela tununue miche ya miti. Hakujibu. Aliegemeza fagio ukutani, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Mwanangu, mkishaondoka nyie hapa hamna kitu. Siku za kazi zinapungua, chupa hakuna. Mimi wiki hii moja ndiyo mavuno yangu. Daftari za watoto zinatoka humo."

Nilikuwa nimekaa hosteli ile miaka miwili. Kila siku nilikuwa natupa chupa kwenye pipa la korido, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza kwa nini jioni pipa lile linakuwa na taka zote isipokuwa chupa. Mama alikuwa anafanya kazi ambayo klabu yetu ilikuwa inaisemea kwenye mabango, anaifanya kabla hatujazaliwa kiakili, na sisi tulikuwa tumekuja kumpokonya. Sikuwa na la kusema zaidi ya "Nisamehe, Mama."

Usiku tulikaa kikao na hakikuwa kikao cha amani. Mwenzetu mmoja alisema klabu haina hata senti, na alikuwa anasema kweli. Mwingine akauliza kama miche nayo tuiache. Tulifika saa sita ya usiku ndipo tukakubaliana: chupa zote na hendauti ni za Mama. Sisi tubaki na vile ambavyo yeye havimfai na mwaka wa kwanza vitamfaa.

Kesho yake alikuja stoo kabla ya zamu yake kuanza, na nadhani siku ile nilijifunza kuliko muhula mzima. Alichukua chupa moja, akapitisha ukucha wa dole gumba chini ya ile karatasi ya nembo, akaivuta mara moja ikatoka nzima. Kifuniko akakitupia kwenye ndoo nyingine, chupa akaikanyaga ikawa bapa. Zisizo na rangi peke yake, za kijani na za bluu peke yake. "Mnunuzi akiona umechanganya, anashusha bei ya kiroba chote," alisema. Tulipojaribu kupima kwenye mizani ya muuza nyanya, kilo moja ilitaka chupa za nusu lita zaidi ya 60. Zaidi ya 60 za kuinama na kuokota, kwa kilo moja tu. Hendauti alizifunga kwa kamba, akampelekea mama muuza vitumbua wa kule barabarani, ambaye tangu mifuko ikatazwe alikuwa anatafuta karatasi kama dhahabu.

Kisha akageukia magodoro. Alivuta lile la juu, akafunua mshono wa pembeni kwa vidole viwili. Kwenye mkunjo kulikuwa na vidoa vyeusi vidogo vidogo, kama mtu amemwagia pilipili manga iliyosagwa.

"Kunguni," alisema. "Na mmeyalaza yote pamoja."

Lilikuwa kosa letu, na lilitugharimu siku mbili. Tulitoa magodoro yote nje, tukayakagua mshono kwa mshono. Yaliyokuwa na dalili, na mengine tuliyoyatilia shaka tu, tuliyaweka kando kulisubiri gari la taka. Yalikwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na mpaka leo nikiyakumbuka nasikitika, maana mengine yalikuwa mapya kabisa. Yaliyobaki tuliyarudisha ndani na ndoo, mabeseni na ndala. Nyuma ya hosteli hapakuchomwa kitu usiku ule. Nililala dirisha wazi.

Ufunguo tulimwachia Mama.

Tulipofungua chuo, stoo ilikuwa na utando wa buibui mlangoni na harufu ya dawa ya wadudu ndani, lakini hakikupungua kitu. Mteja wa kwanza alikuwa binti wa mwaka wa kwanza kutoka Kasulu, amekuja na mama yake mzazi. Yule mzazi aliinua ndoo moja moja, akaigonga kitako kwa kidole na kuisikiliza kama ina ufa. Alipopata ya bluu iliyomridhisha akaniuliza bei. Nikamwambia haina bei, binti aandike jina tu kwenye daftari hili, na Julai akiondoka airudishe. Akanitazama, akaitazama ndoo, akaiweka chini taratibu. Nilimwona kabisa anatafuta mtego uko wapi.

Mama alikuwa anapiga deki korido. Akaja mpaka mlangoni na dekio mkononi.

"Chukua dada yangu," alimwambia. "Imelala humu tangu Julai, na mimi ndiye niliyekuwa nailinda."