Nilivyomjua samaki wa madoa wa Kigoma

Mara ya kwanza kuzamia kwenye mawe karibu na mji wa Kigoma, nilitoka majini nikiamini nimeona samaki wa aina mbili. Mmoja mdogo, mweusi tii, ana madoa meupe mwili mzima kama kanga wa porini. Mwingine mkubwa, kichwa cha rangi ya buluu, na mkanda mweupe wenye umanjano wa mbali umemzunguka kiunoni. Ilinichukua karibu miezi miwili kujua kwamba ni mzazi na mwanawe.

Kosa langu lilikuwa kuwafukuzia. Ukimfuata anaingia kwenye ufa wa mwamba, humwoni tena. Mzee mmoja mvuvi, niliyemwendea kwanza kuuliza habari za mamba, ndiye aliyeniambia: "Mwanangu, chagua jiwe moja ukae nalo." Nikachagua jabali moja lililo mita 4 chini, nikawa narudi kila asubuhi kabla upepo haujaanza. Naelea juu yake kimya, pumzi ikiruhusu nashuka.

Wiki ya tatu wakaacha kunijali. Kitaalamu anaitwa Tropheus duboisi, jina alilopewa na mtafiti Marlier mwaka 1959, na kwao ni Ziwa Tanganyika tu, sehemu za kaskazini. Ndugu zake huenda kwa makundi karibu na uso wa maji. Yeye hukaa chini zaidi, peke yake au wawili wawili, akikwangua mwani kwenye mawe kutwa nzima. Mchanga mtupu havuki kirahisi, ndiyo maana mkanda wake hutofautiana kutoka pwani moja ya mawe hadi nyingine.

Siku moja nikamwona wa katikati: madoa yamefifia ubavuni, mkanda unaanza kujichora. Nilipiga kelele ndani ya mrija wa kupumulia!

Ila aliyenishika moyo ni jike mmoja aliyetuna koo. Huatamia mayai kinywani, machache mno, mara nyingi hayafiki 20, kwa takriban mwezi mzima. Samaki wengi wa namna hiyo hufunga kula. Huyu aliendelea kudonoa mwani, na watafiti wameona kwamba chakula hicho huwafikia watoto humo humo mdomoni.

Nikaanza kumhesabia siku. Ya 19 nikamkuta koo limenywea. Kwenye ufa wa pembeni kulikuwa na vitoto vitatu vyeusi, madoa tayari, vinadonoa jiwe.