Ndio, naishi Kentucky, ile ya kuku

Kila nikipiga simu nyumbani Kigoma lazima atokee mtu wa kuniuliza kuku wa KFC, yaani Kentucky Fried Chicken. Mjomba wangu mmoja mpaka leo anaamini nafanya kazi kwenye kuku kwa sababu tu nilimwambia nipo Kentucky huku Marekani, nikimwambia hapana mjomba, mimi nipo ghala la mizigo, shifti ya usiku, anacheka anasema haya bwana kuku. Sasa ngoja tumalize habari ya kuku kwanza. Yule mzee wa kwenye picha, Harland Sanders anayeitwa Kanali, hata hakuzaliwa huku, kazaliwa jimbo jirani la Indiana, akaja kuanza kuuza chakula kwenye kituo cha mafuta pale Corbin mwaka 1930, na ule ukanali wake sio wa vitani, ni cheo cha heshima tu anachogawa gavana. Na mgahawa wa kwanza kubandikwa lile jina ulikuwa Utah, 1952, mbali kabisa huko magharibi. Basi, kuku tumemaliza.

Mimi nipo Louisville, ambayo wenyeji wanaitamka kama "Lua-vo", unadhani mtu ana uji mdomoni. Siku ya kwanza niliitamka yote kama ilivyoandikwa, dada wa kaunta akaniangalia kwa huruma. Jina ni la mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, maana mji ulianzishwa 1778 na Wafaransa ndo walikuwa wanawasaidia Wamarekani kumtoa Mwingereza. Sababu ya mji kukaa hapa ni maporomoko ya mto Ohio, boti ikifika hapo inabidi mizigo ishushwe, ibebwe nchi kavu halafu ipakiwe tena, na wapagazi wakishakuwepo si unajua, mama ntilie hakosi, nyumba za kulala hazikosi, mara mji huo. Mpaka leo tunashusha mizigo tu, tofauti siku hizi inakuja na ndege usiku wa manane.

Jioni nikiwa ofu napenda kupanda daraja la Big Four, la treni za zamani, sasa limekuwa la waenda kwa miguu, unatoka Kentucky unaingia Indiana unatembea zako na hakuna wa kukuuliza kitambulisho. Mara ya kwanza nilienda na jirani yangu Mama Furaha, yeye wa Uvira, Kongo, na sisi wa Kigoma na watu wa Uvira ni majirani toka nyumbani, ziwa tu liko katikati. Tumefika juu kabisa akasimama akashika chuma, "Kaka, mupaka iko wapi?" Nikamjibu kwa kujiamini, katikati ya mto mama, kama kwetu. Kumbe nimemdanganya! Mto huu karibu wote ni wa Kentucky, mpaka umesogea kule kule kwenye ukingo wa Indiana, unafuata pale maji yalipokuwa yanaishia kipindi cha ukame mwaka 1792, mwaka Kentucky ilipotoka kwenye tumbo la Virginia ikawa jimbo la 15. Walishapelekana hadi Mahakama Kuu ya Marekani na jimbo la Ohio kwa ajili ya mstari huo, na mwaka 1980 majaji wakasema ni wa 1792 sio wa maji ya leo.

Ila mstari ule ulikuwa na uzito kuliko samaki na boti. Huku utumwa, ng'ambo hakuna. Watu walivuka usiku, wengine barafu ikiganda, na hata ukifika ng'ambo sheria ya 1850 ilimruhusu bwana wako akufuate akurudishe. Halafu vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipowaka Marekani 1861 Kentucky ikasema sisi hatuna upande. Jamani! Abraham Lincoln kazaliwa huku 1809, na Jefferson Davis, rais wa wale waliojitenga, naye kazaliwa huku huku 1808, marais wote wawili wa vita moja wametoka jimbo moja, sasa upande utachagua vipi. Kutokuwa na upande kulidumu miezi michache tu, jeshi la kusini likaingia mwezi wa tisa na Kentucky ikabaki na Lincoln, lakini ikabaki na watumwa wake pia. Tangazo la Lincoln la 1863 la kuwapa watumwa uhuru halikuigusa, kwa sababu lilihusu maeneo yaliyoasi, kwa hiyo mtumwa wa Mississippi kwenye karatasi yuko huru na mtumwa wa huku alikozaliwa Lincoln mwenyewe bado anapigiwa kengele ya shamba. Utumwa ukaisha Desemba 1865 kwa marekebisho ya 13 ya katiba, ambayo Kentucky iliyakataa, ikaja kuyapitisha mwaka 1976. Elfu moja mia tisa sabini na sita! Mama yangu alikuwa keshaolewa.

Tukienda kusini kidogo ndo kuna Mammoth Cave, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, zimeshapimwa njia za zaidi ya kilomita 670 na bado wanaendelea kupima. Huko niliaibika. Tiketi yetu ilikuwa saa nne asubuhi, tukatoka Louisville saa mbili na kidogo, naendesha kwa presha, tumefika naona watu wamekaa tu wanakunywa kahawa. Kumbe Kentucky imegawanyika, kila upande na saa zake, mashariki wanatangulia lisaa limoja na pango liko upande wa magharibi, na mimi ambaye toka nifike Marekani natoa sita na kujumlisha sita kichwani kila nikiulizwa muda, sasa niongeze na hii. Tukakaa kwenye gari kama lisaa na nusu tunakula maandazi, Mama Furaha hakusema kitu ila nilijua anachofikiria.

Humo ndani baridi ni ile ile kiangazi na masika, nyuzi 12 hivi, na kuna mahali unasimama taa zikizimwa huoni mkono wako hata ukiuweka puani. Sasa fikiria mtu anaitwa Stephen Bishop, mtumwa, kaletwa 1838 akiwa kijana kuongoza watalii, na taa ya mafuta mkononi akavuka shimo ambalo walikuwa wanaliita halina mwisho, akaenda ng'ambo ambako hakuna aliyekuwa anakujua, akakuta mito na samaki wasio na macho. Ramani aliichora kwa kumbukumbu, ikachapishwa miaka ya 1840 na ikatumika miaka mingi. Kaachiwa huru 1856, mwaka uliofuata akafa. Nilivyosikia hivyo nilinyamaza njia nzima ya kurudi.

Farasi nao wana hadithi kama hiyo. Ule upande wa Lexington ardhi ni mawe ya chokaa, nyasi zinaota na madini yake, ndo maana mabanda ya farasi huko yana rangi na feni, "Kaka, hizi farasi zinalala muzuri kupita siye," Mama Furaha kasema na hajakosea. Maji ya chokaa hiyo hiyo ndo wanajisifia kwenye wiski ya bourbon, mimi sinywi nitapita haraka. Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za Louisville, inakimbiwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, kama dakika mbili tu imeisha, mji mzima kofia. Ya kwanza, 1875, wapanda farasi 15, na 13 kati yao walikuwa weusi, mshindi Oliver Lewis, mweusi. Baadaye Isaac Murphy akashinda mara tatu. Halafu sheria za ubaguzi zikakaza na hao watu wakasukumwa nje ya mchezo.

Na Muhammad Ali yule bondia ni wa hapa, bwana, kazaliwa 1942, kaibiwa baiskeli ana miaka 12, akataka kumpiga mwizi, polisi akamwambia jifunze kupigana kwanza. Wakongo wa mtaani kwetu wakimtaja wanakumbuka pambano lake la Kinshasa 1974 kama ilikuwa juzi. Sisi Watanzania tuna yetu. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Dar es Salaam atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu akakataa hata kumuona, na waandishi wakambana, nyie Wamarekani mlikuwa wapi Afrika iliposusia Olimpiki ya 1976 kwa ajili ya makaburu? Tukaenda Moscow tukarudi na medali mbili za fedha, za wakimbiaji wetu Bayi na Nyambui. Lakini kaburini kwa Ali hapa Cave Hill nimeenda mara tatu, na hiyo habari sikuitaja.

Milimani mashariki kwenye makaa ya mawe sijafika vizuri kwa hiyo sitajifanya najua. Ninachopanga ni Kentucky Bend, kipande kilichokatwa na mto Mississippi kwenye kona ya mwisho magharibi, ili ukifikie kwa gari lazima upitie Tennessee kwanza. Mama Furaha kasema atakuja ila saa atashika yeye.