Mashine pepe iliyogoma kuwaka kupitia mtandao

Saa tatu nzima nilikuwa naikodolea macho PXE-E16: No valid offer received, kosa la PXE (njia ya kuwasha kompyuta kupitia mtandao) linalosema haikupata anwani. Ilikuwa mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta halisi) mpya kwenye Proxmox, mfumo unaoendesha mashine kama hizo, na seva ya DHCP, inayogawa anwani za mtandao, iko VLAN 30, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa kwa namba hiyo. Ajabu ni kwamba mashine za zamani kwenye daraja lilelile, vmbr0 (swichi pepe inayoziunganisha na mtandao), zilipata anwani bila shida.

Nikashuka kwenye seva mama, kompyuta halisi inayobeba mashine hizo, nitazame maombi ya DHCP yanayopita kwenye kadi yake, eno1:

tcpdump -eni eno1 port 67 or port 68

Maombi yalitoka kweli, lakini hayana tagi, yaani namba ya VLAN! Swichi ikayatupa VLAN 1, kusiko na DHCP. Hapo ndipo nilipokumbuka: zile za zamani zinajiwekea tagi zenyewe, ndani ya Linux, kwa eth0.30 (kadi eth0 yenye tagi 30). Mashine inayowaka kwa PXE bado haina mfumo wowote. Na firmware yangu, programu ya ndani inayoiwasha mashine, ilituma maombi matupu, bila tagi.

Nikafungua kadi ya mtandao ya mashine hiyo, nikaandika 30 kwenye VLAN Tag, nikaizima na kuiwasha. Anwani ikaja papo hapo.

Baada ya usakinishaji mtandao ukakata tena. Kosa langu: skripti ilikuwa bado inatengeneza eth0.30, tagi juu ya tagi. Nikaifuta hiyo eth0.30, nikabakiza eth0 tupu.