Karatasi Zilizochanwa Kwenye Biblia

Kila ninaposoma majalada ya pensheni ya Vita vya Uhuru wa Marekani, yaani madai ya malipo ya askari wa vita hivyo na wajane wao, ninaowatafuta ni wajane. Sensa ya kwanza ya 1790 iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Mke, watoto na watumwa wake walikuwa tarakimu tu. Ukitaka kujua mke huyo aliitwa nani, alitoka kwa nani na alizaa watoto wangapi, mwenye kukuambia ni mjane aliyekuwa akidai haki yake.

Moto ulioteketeza ofisi ya Wizara ya Vita mnamo Novemba 1800 ulikwenda na nyaraka nyingi za jeshi. Ndiyo maana askari wazee waliodai pensheni walilazimika kueleza utumishi wao kwa kiapo mbele ya hakimu. Sheria ya 1836 ilimpa mjane pensheni ikiwa ndoa ilifungwa kabla utumishi wa mume haujaisha. Ile ya 1838 ilisogeza mpaka huo wa tarehe ya ndoa hadi Januari 1, 1794, ikatoa malipo ya miaka mitano. Sasa bibi wa miaka 80 athibitishe vipi ndoa iliyofungwa kijijini zamani hizo? Wengine walileta majirani waliohudhuria harusi. Wengine walifungua Biblia ya nyumbani, wakachana ile karatasi iliyo kati ya Agano la Kale na Agano Jipya, penye ndoa, vizazi na vifo, wakaipeleka Washington. Karatasi nyingi hazikurudi kwa wenyewe. Zimo ndani ya majalada hadi leo. Huwa naumia kidogo nikiona ule ukingo uliochanika, maana familia ilitoa kumbukumbu yake pekee.

Karatasi kama hiyo uisome polepole. Anza na mwandiko na wino. Watoto waliozaliwa kwa kupishana miaka 20, wote wakiwa kwa mkono mmoja na wino mmoja, wameandikwa kwa mkupuo, pengine kwa kunakili, pengine kwa kukumbuka. Kisha ulizia Biblia yenyewe ilichapwa lini. Biblia kamili ya kwanza ya Kiingereza iliyochapwa Marekani kwa jina la mchapaji wake ni ya Robert Aitken, Philadelphia, 1782. Kwa hiyo kuzaliwa kwa mtoto wa 1765 kunakosomeka ndani ya Biblia ya Aitken hakukuandikwa humo siku alipozaliwa. Haina maana kwamba ni uongo, ila uzito wake unapungua. Na tarehe ya ndoa iliyokaa karibu mno na mpaka wa sheria, ipime kwa umri wa mtoto wa kwanza na kwa daftari la kanisa au la mji.

Kalenda nayo imewavunjia heshima mabibi wengi bure. Hadi 1752 makoloni ya Uingereza yalianza mwaka mpya Machi 25. Ndoa ya Aprili 5, 1740 na mtoto wa Februari 10, 1740: msomaji wa leo atasema mtoto alitangulia harusi. Kumbe Februari hiyo ilikuja miezi kumi baada ya harusi. Kwa hesabu yetu ni 1741. Iandike 1740/41, usisahihishe kimyakimya, la sivyo atakayekufuata ataongeza mwaka mwingine. Kwa Wakweka, dhehebu la Kikristo lililohesabu miezi kwa namba, mwezi wa kwanza enzi hizo ulikuwa Machi.

Majalada yana herufi: W ni la mjane, S ni la askari aliyedai mwenyewe, R ni dai lililokataliwa. Wengi huyapita ya R, na hapo hupoteza sana. Humo ndimo alimo Jehu Grant wa Rhode Island, mtumwa aliyemtoroka bwana wake 1777 akalitumikia jeshi la mapinduzi kwa miezi kama kumi hadi bwana alipomrudisha. Alidai pensheni akiwa mzee kipofu. Wakamjibu kwamba utumishi wa mtumwa mtoro hauhesabiki.

Kwa watu kama yeye, ukoo huanzia kwa mama. Sheria ya Virginia ya 1662 iliamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, huru au mtumwa, na hesabu za mirathi za huko, yaani orodha za mali ya marehemu, watumwa wakiwemo, mara nyingi huwataja mama na mtoto wake mchanga katika mstari mmoja, kila mmoja kwa jina moja tu, na bei pembeni. Ukimpata mama kwenye orodha hiyo, usiishie hapo. Fuata mgawanyo wa mali hiyo: theluthi ya mjane, kisha fungu la kila mtoto wa marehemu. Binti akiolewa, watumwa wa fungu lake huangukia kwa mumewe, nao utawakuta chini ya jina la mkwe, mara nyingi katika kaunti nyingine kabisa.