Kumbukumbu ya mradi: zipu ya Sundbäck imefunga, na safari hii haikuachia nyuma

Imefunga! Imefunga kutoka chini hadi juu. Nimeivuta kwa pande zote mbili, nimeikunja juu ya goti, nimeining'iniza na tofali chini yake, na hakuna jino hata moja lililotoka mahali pake. Wanaofuatilia mradi huu wa kuunda upya vitu kutoka kwenye maombi ya hataza za kale (hataza ni hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi) wanajua kwamba hii ndiyo iliyonikaba koo. Wembe wa Gillette wa 1904 ulikubali bila maneno mengi. Waipa ya kioo cha gari ya Mary Anderson ya 1903 ilinisumbua kwenye springi tu. Zipu, kitu ambacho kila mtu anakifunga asubuhi bila hata kukitazama, imenitoa jasho.

Kwa waliochelewa: naifuata hataza ya Marekani namba 1,219,881, ya Gideon Sundbäck, Mswidi aliyehamia Marekani 1905 na baadaye akawa anafanya kazi Meadville, Pennsylvania. Aliiomba tarehe 27 Agosti 1914, akapewa tarehe 20 Machi 1917. Nimeichagua hii badala ya zile za Whitcomb Judson, mvumbuzi aliyemtangulia, za 1893 kwa sababu za Judson ni kulabu na vitanzi vilivyopangwa mstari, na kichwa kinachovifunga kimoja kimoja. Kwa macho ya leo si zipu, ni binamu yake. Katikati ya hizo mbili kuna jaribio la Sundbäck mwenyewe lililokufa: upande mmoja una taya za chuma, upande wa pili hauna jino lolote, una ukingo mnene wa kitambaa tu, na taya zinauma ule ukingo. Ukitumia siku chache kitambaa kinachakaa, taya zinakosa cha kuuma. Alilitupa akaanza upya. Namheshimu zaidi kwa kulitupa kuliko kwa lile lililofuata.

Lililofuata ndilo tunalolivaa. Meno ya pande zote mbili yanafanana. Kila moja lina kinundu juu na kishimo chini, na yakifunga yanalaliana kama vijiko kwenye droo. Alibana pia nafasi: zile za awali zilikuwa na vifungo vinne hivi kwa inchi, yake ikawa na kumi au kumi na moja. Hiyo ni karibu milimita 2.4 kutoka jino hadi jino. Mimi nimekwenda milimita 12, mara tano hivi ya asili, ili vidole vyangu na printa yangu ya 3D viweze kulifikia kila jambo.

Sasa tatizo lenyewe. Mchoro wa hataza hauna vipimo. Hauna hata kimoja. Ofisi ya Hataza ya Marekani enzi hizo ilitaka wino mweusi kwenye karatasi nyeupe ngumu ya inchi 10 kwa 15, yenye pambizo la inchi moja, na herufi zinazoelekeza kwenye maelezo. Sharti la kupeleka mfano halisi lilikuwa limeshaondolewa miaka ya 1880, kwa hiyo hakuna kisanduku kwenye makumbusho fulani chenye mfano wa Sundbäck wa kupimwa. Sheria inamtaka mwombaji aeleze kiasi cha kutosha kwa mtu wa fani hiyo kukitengeneza kitu. Haimlazimishi aseme kinundu kiwe na urefu gani. Na mwombaji mwerevu, aliyelipa dola 15 za kuwasilisha na anayesubiri kulipa 20 nyingine akikubaliwa, hana sababu ya kumwaga siri zote mezani. Ukisoma yale madai mwishoni, yaani sehemu inayosema ni kitu gani hasa kinalindwa, kila moja ni sentensi moja ndefu isiyopumua. Yanaeleza umbo na uhusiano wa vipande, na kwa makusudi hayataji namba, maana ukisema milimita mbili mpinzani wako atatengeneza ya mbili na nusu na kukucheka.

Kwa hiyo namba nilizitafuta mwenyewe. Umbali kati ya meno ni milimita 12. Unene wa jino ni 5.7. Kinundu kimesimama milimita 2, kishimo kina kina cha 2.2. Kutoka ukingo wa utepe, kile kitambaa kinachobeba meno, hadi kwenye kinundu ni milimita 18.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kichwa kukwama. Hii ilieleweka kwa hesabu ya darasa la saba. Meno yakiwa yamenyooka, nafasi kati yake haitoshi jino la upande wa pili kuingia na kinundu chake. Lazima utepe upinde ndani ya kichwa ili meno yatawanyike kwenye ncha, huku kwenye utepe yakibaki palepale. Kiasi ambacho ncha zinaachana ni umbali kati ya meno, mara urefu wa jino, gawanya kwa nusu kipenyo cha mpindo. Kwangu: 12 mara 18 ni 216. Mpindo wa nusu kipenyo cha milimita 150 unatoa 1.44, na kinundu changu kinataka 2. Haipiti, hata ukisukuma kwa nyundo. Chini ya 108 ndipo inapoanza kupita. Nimeweka 80, inayotoa 2.7, na kichwa kikaanza kutembea vizuri. Ndiyo maana vichwa vya zipu ni vinene kwenye mabega, jamani. Yale mabega ndiyo mpindo wenyewe.

Halafu likaja lile la kweli. Inafunga vizuri mbele, inaachia nyuma. Kichwa kinapanda, meno yanakutana, unafurahi, ukivuta kidogo pembeni yanafumuka katikati, kichwa kikiwa bado juu. Kila mwenye begi la zamani analijua hili. Mama mshonaji wa jirani aliposikia alinipa dawa ya fani yake: "Kibane kichwa kwa koleo, mwanangu, kimelegea hicho." Na kwa zipu ya dukani ana haki kabisa, maana pale ukuta wa kichwa unatanuka kwa kutumika na meno hayasukumwi hadi mwisho. Nilichapisha kichwa chenye koo jembamba zaidi, kisha jembamba kuliko hicho. Kikawa kizito kama kuvuta mkokoteni wenye breki, na nyuma bado panafumuka. Nikapaka mshumaa. Ikateleza vizuri zaidi, ikafumuka vizuri zaidi.

Nikahamia kwenye meno. Nikarefusha kinundu. Nikazamisha kishimo. Nikaongeza kona. Hakuna kilichobadilika cha maana, ila vinundu vikaanza kukatika, jambo lililonifundisha kwamba jino la plastiki lisichapishwe likiwa limelala kifudifudi. Tabaka za plastiki zikipita kwenye shingo ya kinundu, kinakatwa kama ukucha. Lisimamishe kwa ubavu wake, tabaka zipite kutoka kwenye jino hadi kwenye kinundu bila kukatika. Linachukua muda zaidi na linataka msasa kidogo, lakini linadumu.

Jibu lilikuwa kwenye utepe. Nilikuwa nimetumia mkanda wa nailoni wa mabegi, kwa sababu ni imara na upo. Fikiri jinsi meno haya yanavyoshikana: kinundu ndani ya kishimo hakiwezi kutoka kwa pembeni hata ukivuta vipi. Njia moja tu iko wazi, nayo ni jino kunyanyuka kutoka kwa mwenzake, yaani meno kuachana kwa urefu wa zipu. Na kinachozuia meno yasiachane kwa urefu si chuma wala plastiki. Ni utepe. Ukivutika, mlango umefunguka.

Nikapima. Meno kumi ya upande mmoja yanapaswa kuchukua milimita 120. Yenyewe, meno ishirini ya pande zote mbili yana unene wa 114, kwa hiyo kuna nafasi ya milimita 6 iliyogawanyika humo. Nikivuta mkanda kwa mikono, 120 inakuwa 127. Nafasi ya bure imetoka 6 hadi 13, na haikai imegawanyika kwa haki: inakusanyika pale unapopindisha. Meno mawili yakipata milimita 2 kati yao, kwaheri. Likitoka moja, jirani yake hana wa kumkandamiza, na yote yanamwagika.

Nikarudi kwenye mchoro wa 1914 na kuutazama ule ukingo wa utepe kwa macho mapya. Utepe wa Sundbäck una uzi mnene ukingoni, na taya za kila jino zinaubana ule uzi. Siku zote nilikuwa nausoma kama kitu cha kushikia tu, ili jino lisichomoke. Sasa naamini unafanya kazi mbili, na ya pili ndiyo kubwa: ndio uti wa mgongo unaolinda umbali kati ya jino na jino. Mimi nilikuwa na kishikio bila uti wa mgongo. Nikachukua turubai ya pamba, nikashonea ukingoni kamba ya katani, nikabana meno juu yake. Katani haitaki mchezo; ukiivuta 120 inafika 121 kwa shida. Nikarudisha kinundu kwenye milimita 2, nikarudisha na kichwa kile cha kwanza cha nusu kipenyo cha 80, bila kukibana popote. Ikafunga. Tofali likaning'inia. Nikaiacha inanining'inizia tofali usiku kucha kwa kiburi tu.

Kuhusu zana, maneno machache. OpenSCAD, programu ya kuchora maumbo kwa kuandika namba na amri, kwa kazi ya aina hii naiona haina mpinzani, kwa sababu zipu ni namba chache zinazorudiwa: ukibadilisha umbali kati ya meno, mpindo wa kichwa unajihesabu upya. Wanaochora kwa kuburuta kipanya nawaheshimu, ila sijui wanalalaje usingizi. Vernia ya chuma, ile ya kupimia unene na kina, nunua hata iliyotumika. Ya plastiki haifai kitu ukifika kwenye desimali. Na kuhusu kutafuta hataza za zamani: kumbuka kwamba za Marekani kabla ya 1976 zipo kama picha, na maandishi yanayotafutika ni yale mashine iliyoyasoma kutoka kwenye picha, yenye makosa ya kuchekesha. Usitafute kwa maneno. Pata namba moja ya uhakika, angalia daraja (kundi la uvumbuzi wa aina moja) iliyowekwa, kisha tembea humo ndani ya daraja. Pia tazama mchoro kwanza, maelezo baadaye. Mchoraji wa hataza wa enzi zile alikuwa anajua kivuli gani kinaonyesha uviringo na mstari gani mnene unaonyesha upande usiopata mwanga, na mara nyingi ameeleza zaidi ya mwanasheria.

Hatua iliyokuwa inafuata kwenye mpango wangu ni kuunda ile ya Judson kwa kipimo kilekile, niziweke zote mbili kwenye ubao mmoja. Nimeiweka kando. Kuna kitu kimenivuta: mashine. Maana Sundbäck hakuishia kwenye zipu. Meno madogo kiasi kile ukiyatengeneza moja moja utakufa maskini, na ukiyakata kwenye bati unatupa chuma kingi kuliko unachouza. Yeye akatengeneza mashine inayolishwa waya wenye umbo la Y. Inakata kipande chembamba cha waya, na tayari una jino: mikono miwili ya Y ni taya za kubana uzi, mguu ni kichwa cha jino. Inagonga kinundu na kishimo kwa pigo, inabana kwenye utepe, inasogeza, inarudia. Hakuna mabaki ya kutupa. Mwaka wa kwanza ilikuwa ikitoa mita mia moja hivi kwa siku. Bila hiyo, hataza yake ingebaki mchoro mzuri, na kampuni ya mpira ya B.F. Goodrich isingekuwa na cha kuweka kwenye viatu vyake vya mpira 1923.

Hataza ile ilikwisha muda wake Machi 1934, miaka 17 baada ya kutolewa kama sheria ya wakati huo ilivyosema. Tadao Yoshida alikuwa ameanzisha biashara yake ya zipu Tokyo Januari mwaka huohuo, ndiyo YKK ya leo. Angalia zipu yako.

Basi nataka waya wa Y. Sina kinu cha kuvuta chuma, lakini nyumbani kuna mashine ya tambi, ile ya kukandamiza kwa mkono yenye visahani vya kubadilisha. Nimekata kisahani cha aluminiamu, nikachonga tundu la Y kwa tupa, nikakandamiza nta iliyopashwa moto kidogo. Imetoka! Y kabisa, ila mkono mmoja mnene kuliko mwingine na fimbo nzima inajipinda upande wa mkono mwembamba. Nimesawazisha tundu, ikapungua, haikuisha. Nadhani kisahani ni chembamba mno na nta haipati muda wa kutulia kabla ya kutoka, kwa hiyo kinachofuata nakichonga kwenye plastiki ngumu ya milimita 6. Mwenye mashine ya tambi ya chuma, si ya aluminiamu, naomba anipimie kipenyo cha kisahani chake na kina cha kikombe. Yangu imeanza kupasuka kwenye nyuzi za mfuniko, na mwenye jiko ameshauliza mara mbili iko wapi.