Mpira wa tumboni kwa baba mkubwa

Ndugu zangu wa Bukavu, tangu baba mkubwa apigwe na kiharusi, chakula chote anakipata kwa mpira uliopitishwa kwenye ngozi ya tumbo. Majirani hapa Kadutu wananiuliza: sasa si atapona? Nawajibu kama daktari alivyotujibu sisi: mpira unalisha, hauponyi. Wengi wanaofariki baada ya kuwekewa huondoka na ugonjwa uliowafikisha hapo.

Kabla ya kuamua walimpima damu. Albumini, yaani protini ya kwenye damu, ikiwa chini sana, na mwili una maambukizi, hatari ya kufa wiki za mwanzo inapanda. Umri mkubwa na kansa iliyosambaa, vilevile. Na kwa mzee ambaye ugonjwa wa kusahau umeshamlaza kitandani, wataalamu wengi hawashauri mpira kabisa, maana haujaonekana kurefusha maisha. Kulisikia hilo kunauma, lakini familia ina haki ya kuambiwa mapema.

Hapa nyumbani ninachokiogopa ni mapafu. Mpira hauzuii mate wala chakula kupanda na kuingia njia ya hewa. Kwa hiyo mama mkubwa anamwegemeza kwa mito hadi akae, uji wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama) anauchuja kwa kitambaa, anausukuma polepole kwa bomba la sindano, kisha anapitisha maji safi ili mpira usizibe. Halazwi chali mpaka kama saa nzima ipite. Mama huyu namheshimu mno.

Jana usiku baba mkubwa alikohoa sana. Leo tunamrudisha hospitali wamsikilize kifua. Mtuombee.