Mwanangu alivyomhurumia Fisi

Wiki iliyopita usiku nilikuwa namsomea mwanangu hadithi ya Sungura na Fisi, mnazijua hizo, Sungura kala kila kitu alafu Fisi ndo anatumbukia shimoni. Mi nimekua nazo, bibi akisema paukwa sisi tunaitikia pakawa, na akifika pale Fisi anapoanguka tunacheka mpaka mbavu zinauma. Sasa huyu wangu ana miaka minne, tumefika huo ukurasa mi nikaanza kucheka mwenyewe, yeye kimya. Kaweka kidole kwenye jicho la Fisi, akaniuliza, "Mama, mbona analia na hakuna anayemtoa?"

Yani nikakosa jibu. Miaka yote ile kwa bibi sikuwahi kuwaza kama Fisi anaumia. Nadhani ni ile picha, maana bibi akisimulia Fisi anaanguka mara moja na hadithi inasonga mbele, lakini kitabuni sura yake inabaki pale, machozi yanabaki pale, mtoto anaitazama anavyotaka, hata dakika tano. Mwenye haraka ya kufunua ni wewe mkubwa.

Na mimi nilikuwa na haraka kweli. Zamani nikimaliza kusoma nauliza "Haya, tumejifunza nini?" na yeye keshajua jibu ninalolitaka, "tusiwe wachoyo", alafu kesho yake asubuhi anamnyang'anya binamu yake mpira. Siku hizi hilo swali nimeacha kabisa. Nauliza huyu anajisikiaje, umejuaje, ungekuwa wewe upo hapo ungefanyaje, na nikishauliza nanyamaza, hiyo ya kunyamaza ndo ngumu kuliko yote. Kuna siku majibu hayana mbele wala nyuma, namwacha tu.

Kuna picha nyingine tunaipenda, watoto wanne wana embe moja wanakula kwa zamu. Nikamuuliza hapa nani amefurahi zaidi, nikajua atasema yule mwenye embe mdomoni. Akasema huyu wa mwisho. Kwa nini? "Kwa sababu zamu yake inakuja." Nimekaa na hilo jibu siku kadhaa. Mi nilidhani furaha ya mtoto ni kupewa kitu mkononi, kumbe kungoja pamoja na wenzake nako anakuona ni raha, ilimradi ana uhakika hawatamsahau.

Najua kuna mama atasema vitabu ni bei, na ni kweli. Mi nyingi nazitoa African Storybook, iko intaneti tangu 2014, hadithi ni bure na za Kiswahili zipo, zimepangwa kwa viwango, zile za wadogo zina maneno machache sana kila ukurasa. Napeleka steshenari wananiprintia nyeusi na nyeupe, rangi anapaka mwenyewe, na akiwa anapaka uso wa mtu ndo anaongea mambo ambayo nikimuuliza hasemi. Kwa vya kununua natafuta vyenye maisha anayoyaona kila siku, mtu kavaa kanga, jiko la mkaa, ndoo za maji zimepanga foleni bombani, kwa sababu ukimwonyesha mtoto anamsaidia mwenzie kubeba ndoo anajua kabisa hiyo ndoo ina uzito gani.

Hajawa malaika, jamani. Mpira bado wanagombania, na Ijumaa mtoto wa jirani kateleza pale bombani wenzake wakamcheka na wangu akacheka nao, ila baadaye kidogo nikamwona kachuchumaa pembeni yake anampulizia goti, sijamtuma mimi.

Sasa juzi nimekuta ile karatasi ya Fisi imechorwa penseli ya rangi nyekundu, mistari miwili mirefu toka juu mpaka ndani ya shimo na vijistari vya kukatiza. Ngazi. Usiku tunasoma tena, nimefika hapo nataka kufunua akanishika mkono, "Subiri mama, bado anapanda."